Barabara Moja, Kazi Mbili

Ninyi mkaao Tinde, Isaka, Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Runzewe hamna haja ya kuhadithiwa malori. Mwayasikia usiku mkiwa kitandani. Mwayaona asubuhi watoto wakienda shule. Na pengine fedha ya madaftari ya watoto hao imetoka kwa dereva aliyesimama kununua ndizi au sahani ya wali. Lakini kukiona kitu kila siku si kukijua. Juma hili nataka tuongee habari ya njia hiyo ipitayo mlangoni penu: mizigo yake ni ya nani, kwa nini yaua watu, na je, ile barabara pana ya kisasa ambayo wengi wanaiombea ingekuwa heri kwetu, au heri kwa wapitao tu?

Katika hesabu ya barabara kuu za Tanzania njia hii huitwa T3. Yaanza Morogoro, yapita Dodoma, Manyoni na Singida, yateremka mlima Sekenke, palepale ilipochimbwa dhahabu tangu enzi za Wadachi, kisha Igunga, Nzega na Tinde. Hapo Tinde tawi moja lakata kaskazini kwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Njia yenyewe yaendelea Isaka na Kahama, yaingia mkoa wa Geita kwa Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, yapita Lusahunga, hata mpakani Rusumo kwa Wanyarwanda. Tawi jingine huishia Kabanga, mpaka wa Burundi.

Mzigo wake, basi, si wetu peke yetu. Rwanda na Burundi hazina bahari, na watu wa mashariki ya Kongo wako mbali mno na bahari ya nchi yao. Kontena likishushwa melini Dar es Salaam lina safari ya kilometa 1,500 hivi kabla ya kufika Kigali. Saruji, nguo, mafuta ya petroli, mbolea, dawa za hospitali, vyote vyapita Isaka. Na kurudi huja kahawa, chai na madini. Mwenye duka wa Kigali hakujui wewe wa Masumbwe, lakini bei ya sabuni yake yategemea lori limekaa saa ngapi nyuma ya mkokoteni wako wa ng'ombe.

Na sisi tumeongeza yetu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, baada ya ule wa zamani kufungwa miaka ya sitini. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, pale karibu na Kahama, mwaka 2009, nao ukaacha kuchimba mwaka 2021. Mtu aweza kudhani dhahabu ni mali isiyohitaji barabara. Kweli, dhahabu yenyewe ni kidogo kwa wingi wake, hata hupakiwa katika ndege. Lakini ili kuipata hiyo kidogo, mgodi hula kama ndovu: dizeli, chokaa, saruji, vyuma vya kusagia mawe, matairi marefu kupita mtu, na sumu ya sianidi ya kutenganishia dhahabu, ambayo nayo yasafiri barabarani ndani ya makontena yaliyofungwa. Halafu kuna mchele wa Kahama, pamba ya Usukuma wakati wa msimu, ng'ombe wa mnadani, na mahindi. Vyote njia ni hiyo hiyo.

Babu zetu wasingestaajabu sana. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri, wakibeba pembe na vitambaa kati ya nchi hii na Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi. Mapadre wa White Fathers waliofungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891 walikuja nchi hii katika misafara ya namna hiyo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Lori la leo lenye tela laweza kubeba tani 30. Fanya hesabu mwenyewe: ni wapagazi 1,000, tena na wapishi wao na askari wao, wote ndani ya gari moja lenye dereva na utingo wake. Na nyuma yake lipo jingine, na jingine.

Reli ilipokuja, mzigo ulihama. Gari moshi lilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928, likipita Isaka na Shinyanga. Wazee wengine wa Isaka wakumbuka siku ambazo lori lilikuwa la kuchukua mzigo stesheni na kuupeleka mbele tu. Ndiyo maana ikafunguliwa bandari kavu pale Isaka mwaka 1999: mzigo wa Rwanda na Burundi uje kwa reli, halafu upakiwe katika malori. Ilikuwa shauri jema. Lakini reli ile ilikuwa ya zamani, mabehewa haba, mvua ikinyesha sana tuta lachukuliwa na maji. Mfanyabiashara hangoji. Akakodi lori tangu bandarini hata mpakani. Hivyo kazi ya reli ikaangukia lami, na lami hiyo haikuongezewa upana.

Tazama basi upana wake. Ni njia mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na katikati mstari wa rangi. Ukitoka Dar es Salaam wakuta kipande kizuri cha Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, chenye njia nane. Baada ya hapo, ukiondoa vipande vya mijini, ni hiyo lami ya njia mbili hadi Rusumo, zaidi ya kilometa elfu moja. Serikali yasema itajenga barabara ya kasi ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze. Naam, na Chalinze ni mbali sana na Kahama.

Barabara ya kasi ni nini? Wengine hudhani ni barabara pana tu. Sivyo. Ni barabara ambayo magari yaendayo na yarudiyo yametengwa kwa ukuta au bustani, tena hakuna njia panda: barabara nyingine zapita juu yake kwa daraja au chini yake. Hakuna baiskeli, hakuna punda, hakuna mtu wa miguu, hakuna kibanda cha nyanya. Kuingia na kutoka ni mahali maalumu, kilometa nyingi kati ya mlango na mlango. Wamarekani walitunga sheria ya kujenga mtandao mkubwa wa namna hiyo mwaka 1956, na hata wao hawakumaliza. Miji ya Phoenix na Las Vegas ni mikubwa na yenye mali, lakini hadi leo haina barabara ya kasi kamili kati yake. Malori yatumia barabara namba 93, ambayo ina njia panda zake. Kwa miaka mingi njia hiyo ilipita juu ya ukuta wa bwawa la Hoover, kwa kona kali, hata malori yakakatazwa baada ya Septemba 2001, yakawa yazunguka mbali, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2010. Jirani zetu wa Kenya wana kipande cha kasi cha kilometa 27 ndani ya Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2022. Lakini lori litokalo Mombasa hukimbia katika njia mbili kama letu. Kwa hiyo tusijione wanyonge peke yetu.

Sasa nataka kina baba wanaosafiri kwa basi wafanye nami hesabu nyingine, maana hapo ndipo penye mauti. Sheria yetu yaruhusu basi na lori kwenda kilometa 80 kwa saa nje ya makazi, na 50 ndani ya makazi. Tuseme lori lenye tela, urefu wake mita 20 na zaidi, lapanda polepole kwa kilometa 60. Basi lako lenda 80 nalo lataka kulipita. Tofauti yao ni kilometa 20 kwa saa, yaani mita 5 na nusu hivi kwa sekunde. Ukijumlisha urefu wa lori, urefu wa basi, na nafasi ya kutoka na kurudi, basi hapana budi lijipatie kama mita 80 juu ya lori. Hizo ni sekunde 15. Katika sekunde 15 basi limekwenda mita 330, na muda wote huo limo upande usio wake. Na gari lijalo mbele, nalo kwa kilometa 80, limekwenda mita 330 vilevile. Basi dereva yampasa aone mbele yake mita 660 za barabara tupu, bila kilima, bila kona, bila vumbi, ndipo apite lori moja. Moja tu! Na malori hutembea matatu, manne, yakifuatana kama ng'ombe wa mnadani.

Je, dereva wako alipima mita 660? Mara nyingi alipima kwa hamu yake ya kufika. Msafiri aliye nyuma ana haki ya kusema. Msiogope kumwambia, “Dereva, polepole, tuna watoto.” Najua wako abiria wapigao kelele kwamba basi lachelewa. Hao nao waambieni.

Kuna na jambo la uzito. Tangu Machi 2019 Tanzania hutumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kwayo lori na mzigo wake visizidi tani 56, na ekseli moja ya nyuma isizidi tani 10. Ndiyo maana mwaona malori yamepanga foleni kwenye mizani ya Vigwaza, ya Njuki kule Singida, na ya Mwendakulima hapa Kahama. Watu hulalamika kwamba mizani ni usumbufu. Lakini sikilizeni. Wamarekani walifanya jaribio katika jimbo la Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960, wakaendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio, wakaona jambo la ajabu: ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili, huongezeka mara 16 hivi. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 yaumiza lami mara mbili ya ile halali. Gari dogo, ambalo ekseli yake yabeba nusu tani, halifanyi lolote la kuonekana. Ingebidi magari kama hayo yapite zaidi ya mara laki moja kufanya kazi ya lori moja. Mwizi wa tani mbili katika mizani, basi, huiba lami ya mtoto wako. Hupata faida ya mifuko 40 ya saruji, na shimo hubaki kijijini penu.

Na shimo huua. Lori huliona ghafula, hukwepa, na upande wa kukwepea ndipo alipo mwenye baiskeli.

Hapo tumefika kwenye jambo lenyewe. Barabara hii ina kazi mbili. Kwa Dar es Salaam na Kigali ni njia ya mizigo ya mataifa. Kwa sisi ni uchochoro wa kijiji. Mtoto aivuka kwenda shule, mama aivuka kwenda kisimani, mzee aivuka Jumapili kwenda Misa, mchungaji apitisha ng'ombe 100 kutoka upande wa malisho kwenda upande wa maji, na nchi ya Shinyanga, kama mjuavyo, ni nchi ya baiskeli: baiskeli za maji, za mkaa, za mahindi, na zile za kubeba abiria. Barabara za kasi zilibuniwa ili kutenganisha kazi hizi mbili. Sisi twazifanya zote juu ya lami ya upana wa mita saba.

Mwezi Agosti 2022, usiku, pale Mwakata upande wa Kahama, basi dogo la abiria, trekta, gari dogo na lori viligongana, wakafa karibu watu 20. Sitawahukumu marehemu wala walio hai. Nasema tu: angalieni ni vyombo gani vilivyokutana. Trekta ni la shamba. Basi dogo ni la kijiji kwenda kijiji. Lori ni la safari ndefu. Vitu vya mwendo tatu mbalimbali, usiku, katika njia moja nyembamba.

Walio upande wa Sengerema na Geita watasema, “Sisi tumepata daraja.” Kweli, na ni daraja la kujivunia. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, liitwalo daraja la J. P. Magufuli, urefu wake kama kilometa 3, juu ya maji ya ghuba ya Mwanza. Zamani ulingoja kivuko, na foleni ikiwa ndefu au upepo mkali, ulingoja sana. Wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Bugando walilala Busisi wakitazama taa za ng'ambo. Leo wavuka kwa dakika chache. Lakini nendeni mkaone jambo moja. Juu ya daraja kuna njia nne za magari, mbili kila upande, kuna nafasi ya gari lililoharibika, na kuna njia ya watu wa miguu pande zote mbili. Ukimaliza daraja, mbele kidogo, warudi katika lami ya njia mbili, na mwenye miguu arudi kwenye majani. Yaani juu ya maji, ambako hakai mtu, mwenye miguu ana njia yake. Nchi kavu, yaliko makazi, hana. Tena daraja limeondoa kile kivuko kilichokuwa kikiyapunguza malori kama mlango mwembamba. Wa Sengerema, Geita na Katoro wajitayarishe, maana dereva aliyekuwa akizunguka kwa njia nyingine sasa atapita kwenu.

Basi tuombe barabara ya kasi? Mimi, kwa upande wangu, sioni haraka. Msinielewe vibaya: ingeokoa maisha ya wasafiri wengi, na kwa mwenye lori ni neema. Lakini wazieni Isaka iliyopitwa kwa mbali na barabara yenye uzio. Dereva hasimami, maana mlango wa kutokea uko kilometa 20 mbele. Mama wa mchele atamwuzia nani? Kule Marekani vimo vijiji vingi vilivyokuwa na hoteli na vituo vya mafuta katika barabara za zamani, na barabara ya kasi ilipopita mbali kidogo vikanyamaza. Tena shamba lako likikatwa katikati, upande wa pili utauona kwa macho tu, mpaka uzunguke darajani. Na gharama yake! Kwa fedha ya kilometa moja ya barabara ya kasi zingepatikana kilometa nyingi za njia ya pembeni.

Njia ya pembeni, ndiyo, hiyo ndiyo ningeitaja kwanza. Kipande cha changarawe au lami nyembamba kando ya barabara kuu, kilichotengwa kwa mtaro, kwa ajili ya baiskeli, mikokoteni na mifugo, walau pale penye makazi. Pili, mahali pa malori kusimama nje ya lami, penye taa, choo na vibanda vya biashara, ili mama auze bila kukimbilia magurudumu. Hapo pa kusimama pawe na macho ya wazee pia. Ninyi wazazi mwajua, ingawa hampendi kusema, kwamba msichana wa miaka kumi na minne atumwaye kuuza karanga saa tatu za usiku kwenye malori hauzi karanga tu machoni pa baadhi ya watu. Mtumeni mchana, au nendeni wenyewe. Ukimwi ulipoingia nchi hii ulifuata njia kuu na vituo vyake, na wengi wenu mmezika ndugu.

Tatu ni barabara za kuzunguka miji. Dodoma walianza mwaka 2022 kujenga barabara ya mzunguko wa nje, kilometa 112.3, ili malori yasipite katikati ya jiji. Kahama, ambayo ni manispaa tangu mwaka 2021 na yakua kama uyoga, yastahili kufikiriwa hivyo kabla nyumba hazijaziba kila upande. Barabara ya kuzunguka, tofauti na ile ya uzio, huacha mji na wageni wake: atakaye kula huingia, asiyetaka hupita.

Hayo ni ya serikali. Yapo ya nyumbani, na hayangoji bajeti.

La kwanza, pima. Eneo la barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani lilikuwa mita 22 na nusu. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliongeza mita 7 na nusu. Aliyekuwa amejenga kihalali ndani ya hilo lililoongezwa kabla ya sheria, ana haki ya fidia eneo likihitajiwa. Aliyejenga baadaye, au aliyejenga ndani ya zile mita 22 na nusu za zamani, atabomolewa mikono mitupu. Simama mstari wa katikati wakati hakuna gari, tena awepo mtu wa kukutazamia njia, uhesabu hatua 40 za kawaida kwenda kwako. Kama hatua ya 40 haijafika ukutani, vema. Kama imekwisha kupita chumba cha kulala, usitie saruji nyingine pale hata fundi akikushawishi, na kwa mtu akuuziaye kiwanja cha mbele ya barabara kwa bei rahisi, jiulize kwa nini ni rahisi.

La pili ni watoto. Mtoto mdogo hutembea kama mita moja kwa sekunde. Kuvuka lami ya mita saba humchukua sekunde saba. Lori la kilometa 80 katika muda huo limekwenda mita 155, zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Basi mtoto afundishwe hivi: kama lori liko karibu kuliko mwisho wa kiwanja cha mpira na nusu nyingine juu yake, angoje. Asivuke nyuma ya lori lililosimama. Asivuke kwa kumfuata mwenzake mkubwa aliyekwisha kimbia. Wakubwa wawavushe wadogo kwa kundi, mahali pamoja, kila siku pale pale, ili madereva wapazoee. Mwalimu mkuu na wazazi wakubaliane mahali hapo. Si kazi ya siku mbili.

La tatu ni taa. Kipande cha plastiki chekundu kiakisicho mwanga, nyuma ya baiskeli na nyuma ya mkokoteni, ni bei ya soda moja au mbili. Baba mwenye ng'ombe 40 asiyekuwa nacho, sijui nimwambie nini. Trekta la kukodi likirudi shamba usiku bila taa ya nyuma, mwenyekiti wa kitongoji ana ulimi. Alizuie mpaka asubuhi.

La nne nalisema kwa uzito kuliko yote. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka. Watu wakakimbilia na madumu. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 100. Malori ya mafuta ya namna ile ile hupita kwenu kila siku. Mjue tabia ya petroli: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, hutambaa chini, huingia mtaroni, hufuata bonde mpaka ukutane na jiko la mtu aliye mbali, ambaye hata hajui lori limeanguka. Kisha moto hurudi kwa njia ile ile. Kwa hiyo lori la mafuta likianguka, kazi ya jirani ni hii: kuzima majiko upande wa chini na upande uendako upepo, kuwaondoa watoto, kuzuia pikipiki zisiwashwe karibu, kupiga simu polisi na zimamoto, na kumsaidia dereva ikiwa yawezekana bila kukanyaga mafuta. Dumu la lita 20 libaki nyumbani. Haya semeni leo mezani wakati wa chakula, kila mtu akiwapo, hasa vijana wa bodaboda, maana siku ya tukio hakuna atakayesikia neno.

Nimebakiza reli. Ile mpya ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kipande cha Isaka hadi Mwanza, kinachopita Shinyanga, kilitiwa saini Januari 2021. Mizigo mizito ikipanda reli mpaka Isaka, T3 itapumua upande wa Singida, lakini Kahama na Ushirombo haitapumua. Itakuwa kama siku za bandari kavu, malori yataanzia kwenu. Na reli hiyo yenyewe ina uzio. Ng'ombe hawavuki popote, huvuka chini ya tuta mahali palipoachwa. Ninyi mkaao kando ya njia hiyo, kuanzia Isaka hata Malampaka, ulizeni katika mkutano wa kijiji unaokuja: kivuko chetu kiko wapi, kina kimo gani, mkokoteni wenye pamba wapita, na maji ya masika yakijaa humo tutapita wapi? Mwandike jibu katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la aliyejibu na tarehe, nakala moja ibaki kwa mtendaji na nyingine kwa mwenyekiti.